Daftari la duka limehamia kwenye simu: nani anashika ufunguo?

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wa Dar es Salaam, Mwanza na Mombasa wamelitoa daftari la duka kwenye droo na kulihamishia kwenye simu. Madeni ya wateja, picha za risiti, oda za mali kauli na namba za wenye malori, vyote vimo humo. Swali ambalo wachache hujiuliza ni hili: simu hiyo ikidondoka majini pale kivuko cha Kigamboni, biashara itaendelea kesho yake asubuhi au itaanza upya?

Daftari la karatasi nalo halikuwa salama. Moto wa Julai 10, 2021 katika Soko Kuu la Kariakoo uliwakumbusha wengi kwamba kilichomo kwenye droo huungua pamoja na droo. Tofauti ni kwamba daftari la karatasi hununuliwa mara moja na kwisha. Daftari la kwenye simu lina gharama zinazorudi kila mwezi, lina masharti ambayo mwenye duka hakuyasoma, na ufunguo wake mara nyingi uko mikononi mwa kampuni iliyo ng'ambo ya bahari.

Deni lisiloandikwa ni sadaka

Chukua mfano wa muuza vitenge wa jumla anayewapa mali kauli wachuuzi 40, kila mmoja akidaiwa wastani wa Sh 300,000. Nje ana Sh milioni 12. Kumbukumbu zikipotea, waaminifu watalipa, wengine watasahau, na baadhi watasema walishalipa. Tuseme faida yake ni asilimia nane ya mauzo. Ili kuirudisha Sh milioni 12 atalazimika kuuza bidhaa za Sh milioni 150. Hicho ndicho kipimo cha thamani ya daftari, wala si bei ya simu lililomo.

Lipo pia suala la kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ya Tanzania inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Nchini Kenya, sheria ya taratibu za kodi ya mwaka huo huo nayo inataja miaka mitano. Lakini kila anayenunua bidhaa anaifahamu tabia ya risiti ya mashine ya EFD: karatasi yake huandikwa kwa joto, si kwa wino. Ikikaa kwenye jua, kwenye pochi au karibu na jiko, maandishi hufifia hadi karatasi kubaki nyeupe. Ndiyo maana wengi hupiga picha kila risiti, na hapo ndipo safari ya kutafuta nafasi ya kuhifadhi inapoanzia.

Gigabaiti 15 za bure na mwisho wake

Anayefungua akaunti ya Google hupewa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo. Nafasi hiyo ni moja tu, na inagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili mengine. Picha moja ya simu ikiwa na ukubwa wa megabaiti tatu, gigabaiti 15 hutosha picha 5,000 hivi. Mwenye duka anayepiga picha 20 kwa siku ataimaliza kwa muda wa miezi minane, hata kabla ya kuhesabu barua na video.

Zamani mambo yalikuwa rahisi zaidi. Kuanzia 2015 Google ilihifadhi picha bila kikomo, mradi mwenyewe akubali zipunguzwe ubora kidogo. Utaratibu huo ulikoma Juni 1, 2021, na kuanzia siku hiyo kila picha mpya ikawa inahesabiwa. Nakala za mazungumzo ya WhatsApp kwa simu za Android nazo zilikaa nje ya hesabu kwa miaka kadhaa. Mwaka 2024 zikaingizwa. Kwa mfanyabiashara anayepokea oda kwa WhatsApp, zikiwamo picha za bidhaa na sauti za wateja, hilo lilikuwa badiliko kubwa ingawa halikupigiwa tarumbeta.

Nafasi ikijaa, akaunti haifungwi. Picha mpya haziingii tena, na barua pepe mpya hazipokelewi. Ankara ya msambazaji inarudi kwa aliyeituma, naye anadhani mteja amemkimbia. Mwenye akaunti akiendelea kuzidisha kiwango kwa miaka miwili bila kupunguza wala kulipia, kampuni hujipa haki ya kuvifuta vilivyomo. Aidha, mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa kabisa, na ufutaji ulianza Desemba mwaka huo. Linganisha na ile miaka mitano ya kodi. Mtu aliyehifadhi hesabu za 2021 kwenye akaunti ya zamani aliyoisahau, akitegemea kuifungua siku mkaguzi akija, amejenga juu ya mchanga.

Anayetaka nafasi zaidi hulipia. Bei iliyotumika Marekani mwaka 2025 kwa gigabaiti 100 za Google ilikuwa dola 1.99 kwa mwezi. Kwa mfano wa dola moja kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 4,975 kwa mwezi, au Sh 59,700 kwa mwaka. Apple, ambayo hutoa gigabaiti tano tu za bure kwa wenye iPhone, ilitoza dola 0.99 kwa gigabaiti 50.

Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji kufundishwa maana ya malipo haya. Ni kodi ya fremu. Ukilipa, mlango uko wazi. Usipolipa, bidhaa zako zimo ndani lakini kufuli ni la mwenye nyumba. Na kama ilivyo kwa fremu, aliyekwisha kujaza mali humo huona taabu kuhama hata kodi ikipanda.

Kivuli si nakala

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kinachoonekana kwenye simu na kwenye kompyuta ni nakala mbili. Mara nyingi ni kitu kimoja kinachoonekana sehemu mbili, kama mtu na kivuli chake. Huduma nyingi za wingu hufanya kazi kwa kulinganisha: faili likibadilika upande mmoja, linabadilishwa na upande wa pili. Karani akilifuta faili la madeni kwenye kompyuta ya dukani, linafutika pia kwenye simu ya tajiri aliyeko Guangzhou akinunua mzigo.

Yapo mapumziko mafupi. Kwenye Google Drive kilichofutwa hukaa kapuni siku 30 kabla ya kuondoka moja kwa moja. Anayefunga hesabu kila mwezi ana nafasi ya kugundua. Anayefunga mara moja kwa mwaka atagundua kapu likiwa tupu.

Nakala ya kweli ina sifa moja: kosa lililofanyika leo kwenye daftari haliwezi kuifikia. Faili lililonakiliwa jana kwenye diski iliyochomolewa na kufungiwa kabatini ni nakala. Lililo ndani ya simu ile ile, hata likiwekwa kwenye folda yenye jina jingine, si nakala.

WhatsApp ina mtego wake. Akaunti imefungamana na namba ya simu. Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na namba hiyo kupewa mtu mwingine. Pia, tangu 2021 mtumiaji anaweza kuifunga nakala ya mazungumzo kwa neno la siri analolijua yeye peke yake. Ulinzi huo ni mzuri, lakini akilisahau neno hilo, hata kampuni yenyewe haiwezi kumfungulia.

Flashi ya bei poa

Wanaoikwepa kodi ya wingu hukimbilia flashi na diski za nje. Hesabu yao ina mantiki, kwani diski hununuliwa mara moja. Tatizo ni soko lenyewe.

Kwanza, kuondoa lawama pasipo kosa: diski iliyoandikwa terabaiti moja ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows huonyesha gigabaiti 931 hivi. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa baiti bilioni moja kamili, na Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, hivyo namba inakuwa ndogo ingawa nafasi ni ile ile. Kwa sababu hiyo hiyo flashi ya gigabaiti 64 huonyesha karibu 60.

Wizi ni mwingine. Zipo flashi zilizoandikwa terabaiti mbili ambazo ndani zina gigabaiti 32 au hata pungufu. Aliyezitengeneza amekibadilisha kijisehemu kinachoiongoza flashi ili kiidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Mnunuzi akiichomeka, anaona terabaiti mbili. Anaweka mafaili ya kwanza, yanafunguka vizuri, naye anasifu bei aliyopata. Nafasi ya kweli ikijaa, flashi haikatai. Inaendelea kupokea huku ikiandika mapya juu ya ya zamani au kuyatupa kabisa. Majina ya mafaili yanaonekana, lakini yakifunguliwa hayana kitu. Mtu hugundua siku anapoyahitaji.

Dawa ni kupima kabla ya kutumia. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac huijaza flashi yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa kwa flashi kubwa. Mwuzaji mwaminifu naye ana faida akipima boksi moja kabla ya kuchukua katoni, kwa sababu mteja aliyepoteza picha za harusi kwa flashi yake hatarudi, na mtaa mzima utasikia.

Hata flashi halali haidumu milele. Huhifadhi kumbukumbu kwa chaji za umeme ambazo hupungua kidogo kidogo inapokaa bila kuchomekwa. Inafaa kubeba mafaili kutoka hapa kwenda pale. Kuiachia hesabu za miaka mitano bila kuigusa ni kubahatisha.

Programu ya kununua au ya kupanga

Programu zenyewe nazo zimefuata mkondo wa fremu. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe, ambayo programu zake hutumiwa na wachapaji na wapiga picha wengi, ilitangaza kuachana na uuzaji wa matoleo mapya ya kulipiwa mara moja na kuwahamishia wateja kwenye malipo ya mwezi. Microsoft iliacha milango yote miwili wazi. Januari 2025 ilipandisha bei ya Microsoft 365 Personal nchini Marekani kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka. Office Home 2024, ambayo hununuliwa mara moja kwa kompyuta moja, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 149.99.

Kwa hesabu ya haraka, anayepanga kwa miaka miwili hulipa karibu dola 200, na aliyenunua amekwisha kuwa mbele kwa dola 50. Hata hivyo, anayepanga hupata pia terabaiti moja ya wingu na matoleo mapya yanapotoka, wakati aliyenunua hana hiyo terabaiti, na toleo lake litaacha kupokea marekebisho ya usalama Oktoba 2029. Anayeandika barua na kujumlisha mauzo tu anaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni ya bure kwa halali na hufungua mafaili ya Word na Excel yaliyo mengi.

Programu za kuiba, zinazouzwa mitaani kwa bei ya chai na andazi, zina gharama isiyoandikwa popote. Aliyevunja kufuli la programu hiyo anaweza kuwa ameacha mlango wake mwenyewe humo ndani. Wenye kompyuta za Windows 10 wana jambo jingine la kuangalia: Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama wake Oktoba 14, 2025.

Umeme uliokatika Ghana

Wapo wanaosema mambo ya nakala ni ya wenye maduka madogo, kwamba kampuni kubwa zimejikinga. Mwaka 2017 ulitoa jibu.

Juni 27 mwaka huo virusi vilivyopewa jina la NotPetya vilienea kupitia marekebisho ya M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi inayotumika Ukraine. Ilikuwa programu halali, iliyolipiwa. Moja ya kampuni zilizopigwa ni Maersk ya Denmark, kampuni ya meli ambayo kontena zake hufika pia Dar es Salaam na Mombasa. Ndani ya muda mfupi kompyuta zilizimika, malango ya bandari kadhaa duniani yakakwama, na malori yakapanga foleni yakiwa na mizigo isiyojulikana pa kwenda.

Maersk ilikuwa na nakala nyingi za mafaili yake. Ilichokosa ni nakala salama ya ile orodha kuu inayosema nani anaruhusiwa kuingia wapi katika mtandao wa kampuni. Orodha hiyo ilitunzwa kwenye kompyuta zipatazo 150 zilizokuwa zikilinganishana zenyewe kwa zenyewe, na virusi vikazifuta zote. Zote isipokuwa moja. Katika ofisi ya Ghana umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na kompyuta ya pale ilikuwa nje ya mtandao. Intaneti ya Ghana ilikuwa ndogo mno kuituma orodha hiyo hadi Uingereza. Mfanyakazi mmoja akaibeba diski kwa ndege hadi Nigeria na kumkabidhi mwenzake, naye akapanda ndege kwenda London. Kutokana na diski hiyo kampuni ilijijenga upya. Kwa muda wa siku kumi iliweka upya programu katika sava 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara iliyotangaza ilikuwa kati ya dola milioni 200 na 300.

Ajali ya aina nyingine ilitokea Korea Kusini. Septemba 26, 2025 moto ulizuka katika kituo cha kumbukumbu za serikali mjini Daejeon. Wingu la watumishi wa umma lililokuwa na terabaiti 858 liliteketea bila nakala mahali pengine. Somo ni moja kwa mwenye meli, serikali na mwenye genge: nakala 100 zilizounganishwa pamoja zina thamani ya nakala moja, na iliyo mbali na nyingine ndiyo inayookoa.

Intaneti ikilala

Wingu lina udhaifu mwingine ambao wafanyabiashara wa pwani hii wanaufahamu. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na waliotegemea oda za WhatsApp peke yake waliuza kwa waliopita mlangoni tu. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na nchi jirani.

Katika siku kama hizo mafaili hayajapotea, ila hayafikiki. Kwa mteja aliyesimama kaunta akitaka kujua anadaiwa kiasi gani, tofauti hiyo haina maana. Orodha ya madeni na namba za simu za wateja na wasambazaji inafaa iwepo pia mahali isipohitaji bando, hata kama ni karatasi iliyochapwa kila Jumamosi jioni.

Kwa mwenye hisa

Mwekezaji mdogo anaweza kuitazama habari hii kutoka upande wa pili wa kaunta. Kodi ya kila mwezi inayomkera mwenye duka ndiyo mapato ya uhakika ya kampuni. Adobe ilipoanza mageuzi yake, mapato ya mwaka yalishuka kutoka dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi bilioni 4.06 mwaka 2013, na walioangalia mwaka mmoja tu waliona hasara. Mwaka 2024 mapato yalifika dola bilioni 21.5.

Karibu na nyumbani, kila picha inayopanda wingu hula bando. Vodacom Tanzania iliuza kwa umma hisa milioni 560, sawa na asilimia 25 ya kampuni, kwa Sh 850 kila moja, ikakusanya Sh bilioni 476 na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017. Anayesoma taarifa za kampuni za simu anapaswa kutenganisha mapato ya sauti, ya data na ya fedha kwa simu, kwa kuwa kila moja hukua kwa mwendo wake.

Tena, hisa yenyewe leo ni maandishi kwenye kompyuta. Nairobi iliingia katika mfumo wa CDS Novemba 2004, na vyeti vya karatasi vikaanza kuondoka. Mwenye hisa atunze taarifa ya salio lake na risiti za wakala kwa uangalifu ule ule wa mwenye duka.

Hesabu ya mwisho

Kanuni inayofuatwa na wengi, iliyoenezwa na mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh, ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa duka dogo, hiyo inaweza kuwa hivi:

Nakala ya kwanza: simu au kompyuta ya kazi. Gharama ya ziada, hakuna.

Nakala ya pili: wingu. Gigabaiti 15 bila malipo, au gigabaiti 100 kwa takriban Sh 60,000 kwa mwaka. Akaunti ifunguliwe walau mara moja kwa mwezi, na neno la siri liandikwe na kufungiwa nyumbani.

Nakala ya tatu: diski ya nje iliyopimwa, inayochomekwa kila mwisho wa wiki, kisha kuchomolewa na kulala nyumbani, mbali na duka.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwenye duka achukue simu nyingine na ajaribu kulifungua daftari kutoka kwenye nakala hizo. Likifunguka, anajua alipo. Lisipofunguka, amegundua akiwa bado na la awali mkononi, na wale wachuuzi 40 bado hawajajua.